Gari Liko Wapi Mtandao Ukikatika? Redio ya Ridhaa na Usalama Wetu

Haya ni maandishi ya mazungumzo aliyoyatoa mpenzi mmoja wa redio ya ridhaa mbele ya madereva wa ambulensi, wahudumu wa afya ya jamii, wanakamati wa maafa wa wadi na wakazi wengine wa Kaunti ya Taita Taveta.

Nimeombwa nieleze namna gari linavyoweza kufuatiliwa kwa redio, bila simu na bila intaneti. Nitajitahidi kutumia maneno ya kawaida, kwa sababu jambo hili haliwahusu mafundi peke yao.

Nianze na swali. Chukulia ambulensi imetoka Taveta usiku, imembeba mama mjamzito aliyepewa rufaa kwenda Voi. Safari ni ya kilomita 110 hivi, na kipande chake kinapita ndani ya Mbuga ya Tsavo Magharibi. Wauguzi wa Voi wanataka kujua kama chumba cha upasuaji kiandaliwe sasa au baada ya saa moja. Wanampigia dereva, simu haipatikani. Je, ambulensi imefika Maktau? Imefika Bura? Au imesimama gizani kwa sababu ya tembo au tairi? Hakuna anayejua, na kila mtu anabaki kukisia.

Mtu atasema, "Tufunge kifaa cha kufuatilia gari, mambo yaishe." Wazo ni zuri, lakini kwanza tuelewe kifaa hicho kinafanyaje kazi.

Wengi wetu tunaamini kwamba setilaiti huko juu inaliona gari na kutuambia liko wapi. Sivyo. Setilaiti za GPS huzunguka dunia zikiwa umbali wa kilomita 20,200 hivi juu yetu, na kazi yao ni kutangaza saa na mahali zilipo. Kipokezi kilicho ndani ya gari husikiliza angalau setilaiti nne, kikapiga hesabu, kikajua kipo wapi. Setilaiti zenyewe hazijui kama gari lako lipo duniani.

Kwa hiyo kuna kazi mbili. Ya kwanza ni gari kujua liko wapi. Ya pili ni gari kuwaeleza wengine. Kazi ya kwanza hufanyika popote penye anga wazi, hata katikati ya Tsavo. Kazi ya pili inahitaji njia nyingine ya kupitisha ujumbe. Vifaa vingi vinavyofungwa kwenye magari hutumia laini ya simu, sawa na ile iliyo kwenye simu yako. Pakiwa na mnara karibu, ujumbe unapita. Pasipokuwa na mnara, kifaa kinajua kilipo lakini hakina wa kumwambia. Vingi huhifadhi taarifa na kuzituma baadaye, gari likirudi kwenye mtandao. Kwa mwenye lori anayetaka kujua dereva alipita wapi jana, hiyo inatosha. Kwa mama aliye ndani ya ambulensi, taarifa ya baadaye haina faida.

Na mnara ukiwapo, si lazima uwe unafanya kazi. Mnakumbuka usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, umeme ulipokatika karibu nchi nzima. Minara ya simu hutegemea umeme, na ukikatika hubaki na betri na jenereta, ambazo nazo zina mwisho wake. Mnakumbuka pia tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za intaneti zilizo chini ya bahari zilipokatika, na intaneti ikalegea Afrika Mashariki nzima. Hayo yalitokea wakati nchi yetu ilikuwa bado inahesabu hasara za mafuriko makubwa yaliyoua zaidi ya watu 200. Sisi hapa tunaujua Mto Lumi ukifurika kule Taveta, na Mto Voi ukivunja kingo zake. Siku barabara inapokatika ndiyo siku watu wote wanapiga simu kwa pamoja, na ndiyo siku mtandao unapoweza kukosekana.

Hapo ndipo inapoingia redio ya ridhaa. Neno ridhaa mnalijua kutoka michezoni: mchezaji wa ridhaa hucheza kwa kupenda, halipwi. Redio ya ridhaa nayo ni mawasiliano yanayofanywa na raia waliosoma, wakapewa leseni na serikali, wakatengewa masafa yao, na hawalipwi kwa ujumbe wanaoupitisha. Hapa Kenya leseni hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano, na alama za utambulisho za wapenzi wa redio wa Kenya huanza kwa 5Z4. Kila anayerusha mawimbi lazima ajitaje kwa alama yake.

Mfumo wa kufuatilia magari unaotumiwa na watu hawa unaitwa APRS, yaani mfumo wa kutoa taarifa kwa pakiti bila mtu kubonyeza kitu. Mwanzilishi wake alikuwa Bob Bruninga wa Marekani, aliyefanya kazi miaka mingi katika Chuo cha Jeshi la Wanamaji kule Annapolis, na aliyefariki Februari 2022. Mwaka 1982 aliandika programu ya kompyuta ndogo ya kuonyesha kwenye ramani mahali meli za kijeshi zilipo. Mwaka 1984 akatengeneza nyingine, safari hii kwa ajili ya mbio za farasi za maili 100, kama kilomita 160, ili waandaaji wajue farasi wako wapi na wana hali gani. Wakati huo vipokezi vya setilaiti vya kubeba mkononi vilikuwa havijaanza kuuzwa kwa raia. Kwa hiyo wazo lilitangulia kifaa. Kilichomsumbua mtu huyu ni swali lile lile la wauguzi wa Voi: wako wapi, na wana hali gani?

Sasa tuangalie kinachofungwa kwenye gari. Vitu ni vinne. Kuna redio ya masafa ya juu, kuna kipokezi cha GPS, kuna kisanduku kidogo kinachogeuza taarifa kuwa sauti, na kuna antena. Redio nyingine zina vyote hivyo ndani yake, hata za mkononi. Umeme unatoka kwenye betri ya gari ya volti 12. Antena ya kawaida ina urefu wa nusu mita hivi, unaiweka juu ya paa.

Katika Afrika na Ulaya, mfumo huu hutumia masafa ya megahezi 144.800. Kila baada ya muda, kisanduku kinaiamuru redio itoe mlio mfupi. Ukiusikiliza kwa sikio ni kama kelele ya mashine ya faksi, tena haufiki hata sekunde moja. Ndani ya mlio huo mna alama ya mwenye redio, mahali gari lilipo, mwendo wake, upande linakoelekea, na neno fupi la maelezo. Mna pia alama ya picha, ili kwenye ramani ambulensi ionekane kama ambulensi na lori kama lori. Mwendo wa kutuma ni biti 1,200 kwa sekunde. Kwa simu za leo huo ni mwendo wa kobe, lakini ujumbe wa "niko hapa" hauhitaji mbio.

Mlio ule husikika na kila redio iliyo karibu, si kituo kimoja tu. Kompyuta iliyounganishwa na redio, yenye programu isiyolipiwa na ramani iliyohifadhiwa ndani yake, inaonyesha gari pale lilipo. Hapahitajiki intaneti. Penye intaneti, kituo kimoja kinaweza kuwa lango na kupeleka taarifa zile mbali zaidi. Lango likifungwa, wenyeji wanaendelea kuonana kwa redio.

Mtu wa Taveta ataniuliza, "Mlio wa gari utafikaje Voi?" Hapa ndipo Mungu ametujalia. Masafa haya husafiri kwa kuonana: antena ikiionana na nyingine, ujumbe unapita; kilima kikikaa katikati, unakwama. Dawa yake ni kuweka kituo mahali pa juu, kinachosikia mlio wa gari na kuurusha tena papo hapo. Wapenzi wa redio hukiita dijipita. Kilele cha Vuria kina zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, nazo tambarare za Voi na Taveta ziko chini yake kwa mita 1,400 na zaidi. Kutoka kimo kama hicho, mawimbi haya yanaweza kufika hata kilomita 100 palipo wazi. Kuna kaunti ambazo zingelazimika kujenga mlingoti mrefu sana kupata nusu ya kimo hicho. Sisi tuna Vuria, tuna Sagalla, tuna Kasigau. Kituo chenyewe ni redio, kisanduku, antena, betri na paneli ya sola.

Lakini sitaki niwauzie embe bichi nikisema limeiva. Mfumo huu una mipaka yake, na anayeutegemea bila kuijua atajidanganya.

Mpaka wa kwanza ni kwamba wote tunazungumza katika chumba kimoja. Masafa ni hayo hayo, na wawili wakitoa mlio kwa wakati mmoja wanaweza kufutana. Pigeni hesabu. Mlio mmoja ni karibu sekunde moja, na ukirudiwa mara moja na kituo cha mlimani ni karibu sekunde mbili. Magari 30 yakituma kila dakika, dakika nzima imejaa, na hakuna nafasi ya mtu mwingine. Ndiyo maana redio hupangwa kwa busara: gari likienda kasi linatuma mara nyingi zaidi, likikata kona linatuma, likisimama linatuma mara chache. Mwenye pupa ya kutuma kila sekunde tano huwaziba wenzake midomo.

Mpaka wa pili ni kwamba taarifa ya mahali haidaiwi jibu. Gari likipita nyuma ya kilima, mlio wake unapotea bila gari kujua kuwa haukusikika. Litatuma tena mbele ya safari. Kwa hiyo kitone mnachokiona kwenye ramani ni mahali gari liliposikika mara ya mwisho. Huenda halipo tena hapo. Gari la mwendo wa kilomita 80 kwa saa huenda zaidi ya kilomita 13 ndani ya dakika 10. Anayekaa mbele ya ramani lazima afundishwe kuangalia saa ya taarifa kabla ya kuangalia mahali. Kitone cha dakika mbili zilizopita ni habari. Kitone cha dakika 40 zilizopita ni swali, na swali hilo linafaa kumfanya mtu ainuke kitini.

Mpaka wa tatu ni wa sheria. Redio ya ridhaa si ya biashara. Sacco ya matatu haiwezi kuitumia kufuatilia magari yake, wala mwenye lori, wala kampuni ya bodaboda. Hao wana mifumo yao na leseni zao. Kazi za kila siku za idara za kaunti nazo zinahitaji redio zenye leseni ya kazi hiyo. Redio ya ridhaa ni msaada wa wanaojitolea, katika mazoezi, katika shughuli za jamii, na maafa yanapotokea. Kanuni za kimataifa za redio zenyewe zinazihimiza serikali ziwawezeshe wapenzi wa redio kujiandaa kusaidia wakati wa maafa.

Mpaka wa nne ni siri: haipo. Mazungumzo ya redio ya ridhaa hufanywa wazi, na kuyaficha kwa mafumbo hakuruhusiwi. Yeyote mwenye kipokezi anaweza kusikia. Kwa hiyo jina la mgonjwa halitajwi, ugonjwa wake hautajwi, na gari lililobeba fedha halitangazi lilipo. "Niko Maktau, naelekea Voi, barabara ni nzuri" inatosha. Mama yule haki yake ya faragha haiishi kwa sababu mtandao umekatika.

Sasa nifike kwenye jambo ninaloliona kubwa kuliko yote. Bruninga mwenyewe alikuwa akilalamika kwamba watu wameuchukua mfumo wake wakaufanya wa kutazama magari tu. Alisisitiza kwamba lengo lake lilikuwa watu walio kwenye kazi moja wapeane habari za yale yanayoendelea karibu nao. Mfumo huo huo unapeleka ujumbe mfupi, na ujumbe huo unapata jibu la kuthibitisha kwamba umefika. Unaweza pia kuweka kitu kwenye ramani ya kila mtu. Fikirini siku ya mafuriko. Mtu mmoja aliye kwenye daraja lililozolewa anaweka alama pale kwamba barabara imefungwa. Kila gari lenye mfumo huu, likiwa bado liko mbali, linaiona alama ile na kugeuza njia. Kitone cha gari kinamsaidia anayengoja. Alama ya daraja inamsaidia anayekwenda. Tukifunga vitone tukasahau alama, tutakuwa tumenunua ng'ombe tukaacha kumkama.

Na nyuma ya kila alama kuna mtu. Tarehe 15 Aprili 2013, mabomu yalipolipuka kwenye mbio za marathoni za Boston, mitandao ya simu ilielemewa kwa wingi wa wapigaji. Wapenzi wa redio walikuwa tayari wamepangwa kando ya njia ya mbio, wakisaidia mahema ya matibabu kama walivyofanya kila mwaka. Hawakuitwa baada ya mlipuko. Walikuwapo, walijuana, na kila mmoja alijua anamwita nani. Vivyo hivyo mwaka 2017, kimbunga Maria kilipoharibu umeme na simu kisiwani Puerto Rico, Shirika la Msalaba Mwekundu la Marekani liliomba wapenzi wa redio wa kujitolea. Wakapatikana, kwa sababu walikuwa wameshasoma na kupewa leseni miaka ya nyuma.

Hilo ndilo ninalotaka tuondoke nalo. Redio inaweza kununuliwa kwa siku moja. Mtu wa kuitumia hapatikani kwa siku moja. Leseni ina masomo yake, mikono inahitaji mazoezi, na kilele cha mlima kinahitaji ruhusa ya mwenyewe. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini akiba ya redio huoza. Betri isiyochajiwa hufa, waya hutafunwa na panya, na aliyefundishwa mara moja husahau.

Kwa hiyo nina maombi manne.

Kwa vijana, hasa mlio katika vyuo vya ufundi: jiungeni katika vikundi, mwulizeni Mamlaka ya Mawasiliano masharti ya leseni, na mwatafute wapenzi wa redio wenye leseni wawafundishe. Msirushe mawimbi kabla ya kupata leseni. Ni kosa kisheria, na unaweza kumziba mtu aliye kwenye dharura.

Kwa walimu wa fizikia: somo la mawimbi mnalo tayari kwenye mtaala. Mwanafunzi akitengeneza antena ya nusu mita kwa waya na kuona inafanya kazi, hatalisahau somo hilo.

Kwa kamati za maafa za wadi: chukueni ramani, mwandike mahali ambapo simu hukosekana. Madereva hawa wanapajua kuliko mtu yeyote. Orodha hiyo haina gharama, na bila hiyo hakuna anayeweza kusema kituo cha mlimani kiwekwe wapi.

Kwa idara zinazoshughulikia dharura: tusingoje mafuriko ndipo tujaribu. Pakiwa na mbio za miguu au za baiskeli, watu wenye leseni waombwe wafuatilie gari la kwanza, gari la mwisho na gari la huduma ya kwanza. Tutaona wapi pana kivuli cha kilima, nani anasahau kuangalia saa, betri ipi inakufa mapema. Kosa la siku hiyo litamchelewesha mkimbiaji. Kosa hilo hilo usiku wa mafuriko linaweza kumchelewesha mama yule wa Taveta.

Madereva, karibuni mbele na ramani zenu. Tuanze na barabara ya Taveta.